Trela la bia na mtoto aliyekaa kimya mstarini

Idi ya Kuchinja ya mwaka 2023 ilinikuta njiani. Ilikuwa Jumatano, tarehe 28 Juni, nami nimelala ndani ya lori kando ya barabara ya I-77, West Virginia, kwenye kituo cha malori ambacho ukishuka tu unapokewa na moshi wa dizeli na harufu ya kahawa iliyochemshwa tangu usiku wa manane. Nyumbani Columbus, Ohio, mama watoto alikuwa keshawavisha watoto na kuwapeleka kuswali. Mimi nilitawadha kwa maji ya chupa, nikasikiliza takbira kwenye simu, nikala tende tatu na andazi la dukani lisilo na iliki. Ndiyo Idi yangu.

Saa tatu asubuhi disipacha, yule wa ofisini anayetupangia mizigo, akapiga. Kuna mzigo karibu na ulipo, akasema, maili mia nne na kitu, unalipa vizuri. Nikauliza mzigo gani.

"Bia. Trela zima."

Mtoto wa Tanga aliyepitia chuoni hahitaji kukumbushwa. Ile hadithi ya waliolaaniwa kwa ajili ya pombe haiishii kwa mnywaji. Yumo anayekamua, yumo anayemimina, yumo anayeuza na anayenunua, na yumo mbebaji. Mwalimu wetu akifika kwa mbebaji alikuwa anainua kidole, anatutazama mmoja mmoja, kana kwamba anajua kuna atakayekuja kuwa mbebaji kwa leseni. Siku nyingine labda ningejikausha, nikajiambia mimi nabeba trela tu, kilichomo ndani ni cha mwenyewe. Lakini siku ya Idi, jamani!

Nikamwambia mzigo huo siuwezi, kwa sababu ya dini yangu. Kimya. Nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi. "Haya, ngoja," akasema. Baada ya dakika kumi akarudi na mzigo mwingine: chakula cha mbwa, malipo pungufu kidogo kwa maili. Nikashukuru. Kule ghalani, nikisubiri kupakiwa, nikaona mfuko mmoja umepasuka, nikainama kusoma vilivyomo. Kiungo cha pili kilikuwa nguruwe. Nilicheka peke yangu hadi yule wa forklifti akasimamisha mashine kunitazama.

Ubavu wa kukataa niliupata kwa Wasomali wawili ambao sijawahi kuonana nao. Walikuwa madereva wa kampuni moja ya malori ya Illinois, na mwaka 2009 walifukuzwa kazi kwa kukataa kubeba pombe. Tume ya serikali kuu inayosimamia usawa kazini ikaipeleka kampuni mahakamani. Oktoba 2015, mjini Peoria, juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ikawapa dola 240,000 kwa pamoja. Kila mmoja alipata 20,000 za fidia na 100,000 za kuiadhibu kampuni, ambayo yenyewe ilishakubali kwamba ingeweza kuwabadilishia mizigo. Kwenye migahawa ya Wasomali hapa Columbus kesi hiyo husimuliwa kama kisa cha Abunuwasi, na kiasi cha fedha kinapanda kila inaposimuliwa.

Wenzangu wengi wakisikia kisa changu husema: si unaona, Katiba ya Marekani imekulinda. Haikunilinda. Yale Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yaliyoidhinishwa mwaka 1791, maneno 45 tu kwa Kiingereza, yanaanza kwa kulizuia Bunge: lisitunge sheria ya kusimika dini wala ya kuzuia watu kuifuata, wala lisipunguze uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukusanyika na wa kuipelekea serikali malalamiko. Mwajiri wangu si Bunge. Akitaka kunifukuza kwa maneno niliyosema au nisiyosema, maneno yale 45 hayamgusi. Kilichowasaidia wale Wasomali ni sheria ya kawaida ya mwaka 1964, Sheria ya Haki za Raia, inayomtaka mwajiri amvumilie mfanyakazi wake katika mambo ya dini mradi uvumilivu huo usimletee taabu ya kupindukia.

"Taabu ya kupindukia" ni kiasi gani? Tangu mwaka 1977 mahakama zilikuwa zikijibu kwamba hata gharama ndogo sana inatosha. Kesi iliyozaa jibu hilo ilimhusu mfanyakazi wa shirika la ndege aliyetaka kupumzika Jumamosi. Basi kwa miaka 46 mwajiri alikuwa na mlango mpana wa kutokea. Na angalia majira: tarehe 29 Juni 2023, kesho yake baada ya Idi yangu ile, nikiwa milimani na chakula changu cha mbwa, Mahakama ya Juu ikaufinya mlango huo. Mlalamikaji alikuwa tarishi wa posta wa Pennsylvania, Mkristo wa kilokole, Gerald Groff, aliyekataa kusambaza vifurushi siku ya Jumapili. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba mwajiri hana budi kuonyesha mzigo mzito kweli, kulingana na ukubwa wa biashara yake. Nikapiga honi ndefu kwenye kona. Tarishi wa kilokole kanipigania mimi, Mwislamu wa Tanga, bila kunijua.

Siku moja baadaye, tarehe 30 Juni, mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi mwingine, na huo ndio ulionifanya nianze kuandika makala haya kichwani, maili baada ya maili.

Kwanza nikiri ugonjwa wangu. Mei 2020, wakati wa korona, Mahakama ya Juu ilianza kurusha sauti ya mabishano ya mawakili moja kwa moja. Madereva wenzangu husikiliza mpira, taarabu, mahubiri. Mimi nikanasa kwenye mabishano. Kuna raha fulani kumsikia wakili wa bei mbaya akikatizwa katikati ya sentensi na jaji anayemuuliza swali la kitoto. Ndivyo nilivyoisikiliza, Desemba 2022, kesi ya Lorie Smith, mtengeneza tovuti wa Colorado, mwenye kampuni inayoitwa 303 Creative. Alitaka kuanza kutengeneza tovuti za harusi, ila si za ndoa za jinsia moja, kwa sababu ya imani yake. Colorado ina sheria inayokataza biashara iliyo wazi kwa umma kubagua wateja. Bi Smith alikuwa hajatengeneza hata tovuti moja ya harusi. Alikwenda mahakamani mapema, kabla hajaguswa. Jaji Ketanji Brown Jackson akauliza: je, mpiga picha wa Krismasi akitaka kuuza picha za Santa za mtindo wa zamani, akasema kwenye pozi hizo anataka watoto weupe tu, naye tumwache? Nilizima redio kidogo ili nilifikirie swali lile. Hata leo sijalimaliza.

Bi Smith alishinda, kura 6 kwa 3. Mshangao wangu ni kwamba hakushinda kwa uhuru wa dini. Mahakama ilikubali kusikiliza hoja moja tu, ya uhuru wa kusema. Tovuti ni maneno na picha, alisema Jaji Neil Gorsuch, na serikali haiwezi kumlazimisha mtu kusema asichokiamini. Jaji Sonia Sotomayor akapinga kwa ukali: kwa mara ya kwanza, alisema, mahakama imeipa biashara iliyo wazi kwa umma haki ya kikatiba ya kukataa kuwahudumia watu wa kundi linalolindwa.

Ndani ya siku mbili nimepata sheria mbili. Mtengeneza tovuti kazi yake ni mdomo, kwa hiyo ana Katiba nzima nyuma yake. Mimi kazi yangu ni mkono na usukani. Hakuna jaji atakayesema kubeba bia ni hotuba. Nimebaki na sheria ya kawaida ambayo Bunge likiamka vibaya linaweza kuifuta, na mizani ya taabu ya kupindukia ambayo kila jaji ataisoma kwa macho yake. Nikatazama nyuma kwenye historia, nikaona kwamba mstari huu wa mdomo na mkono ni wa zamani sana katika sheria yao. Mwaka 1879, katika kesi ya George Reynolds, Mmormoni wa Utah aliyeoa mke wa pili, mahakama ilisema wazi: amini utakalo, lakini matendo yanatawaliwa na sheria, vinginevyo kila raia angekuwa sheria kwa nafsi yake. Sisi tuliotoka katika nyumba za uke wenza tunaweza kuisoma hukumu hiyo kwa hisia zetu, lakini tuendelee.

Waliofundisha Marekani kwamba dini ikipita kwa mlango wa maneno inafika mbali ni Mashahidi wa Yehova. Walikuwa wachache, walichukiwa, hawakujua kunyamaza, na walikuwa na mawakili hodari.

Chukua kisa cha gramafoni. Mwaka 1938, mjini New Haven, Connecticut, baba mmoja, Newton Cantwell, na wanawe wawili walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kwenye mtaa ambao takriban watu tisa kwa kumi walikuwa Wakatoliki. Kijana Jesse alibeba gramafoni ya mkononi. Akawasimamisha wanaume wawili njiani, akawaomba ruhusa awawekee santuri, wakamkubalia. Santuri ikaanza kulitukana Kanisa Katoliki. Wale wawili walikuwa Wakatoliki. Walitaka kumpiga, wakamwambia aondoke, akabeba gramafoni yake akaondoka. Kwa hilo akatiwa hatiani kwa kuchochea uvunjaji wa amani, na wote watatu kwa kuomba michango bila kibali. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ikawaachia bila jaji hata mmoja kupinga. Hakupiga kelele, hakumtishia mtu, hakumzuia mtu kupita. Alisema jambo la kuudhi, basi.

Nimekulia kwenye mihadhara, kwa hiyo kisa hicho nakiona kwa macho. Miaka ya tisini, Tanga kama Dar, wahadhiri walisimama jioni na Biblia mkononi, spika juu ya kiti, wakitaja sura na aya kuliko wachungaji wenyewe. Upande wa pili wa uwanja walokole nao wana mkutano wao wenye spika kubwa zaidi. Watu walicheka, walikasirika, walirudi nyumbani kula. Kisha serikali ikaanza kuwakamata wahadhiri kwa kukashifu dini za wengine, na Februari 1998, Mwembechai, Dar es Salaam, risasi zikalia na watu wakafa. Kanuni ya Adhabu yetu ina vifungu vya kumshughulikia anayetamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini ya mwenzake. Jesse Cantwell angelala mahabusu Chumbageni na santuri yake ingekuwa kielelezo. Simsemi vibaya aliyeandika vifungu hivyo. Aliogopa moto, na moto upo. Ila najiuliza nani aliyeuwasha siku ile, mwenye spika au mwenye bunduki.

Ubaya wa kanuni ya Marekani nao niutaje upesi. Mwaka 2011 iliwalinda waumini wa Westboro, kikanisa cha Kansas, waliosimama karibu na mazishi ya askari kijana huko Maryland na mabango ya kumshukuru Mungu kwa wanajeshi waliokufa. Baba wa marehemu alikuwa ameshinda mamilioni ya dola kwa juri. Mahakama ya rufaa ikamnyang'anya, na Mahakama ya Juu, kura 8 kwa 1, ikaunga mkono. Kwetu matanga hayaguswi, hata adui anakuja kuzika. Nimejaribu kuipenda hukumu hiyo nimeshindwa.

Sasa bendera. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukipita Charleston, mji mkuu wa West Virginia, unaliona kuba la dhahabu la jengo la serikali kutoka barabarani, na mimi kila nikiliona hukumbuka shule.

Mwaka 1940, mwezi Juni, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 8 kwa 1 kwamba shule ya Minersville, Pennsylvania, ilikuwa na haki ya kuwafukuza Lillian na William, dada na kaka wa miaka 12 na 10, kwa kukataa kuisalimu bendera. Kwa Mashahidi wa Yehova salamu ile ni kuabudu sanamu. Ulaya ilikuwa inawaka, na Jaji Felix Frankfurter akaandika kwamba umoja wa taifa ndio msingi wa usalama wa taifa. Raia wakaisoma hukumu kama ruhusa. Wiki hizohizo Jumba la Ufalme la Mashahidi likachomwa moto Kennebunk, Maine. Richwood, West Virginia, naibu wa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na wenzake waliwakamata Mashahidi, wakawanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu, wakawafunga kamba na kuwatembeza mjini.

Kisha ikaja vita. Januari 1942, majuma machache baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor, bodi ya elimu ya West Virginia ikaamuru kila mwanafunzi na mwalimu aisalimu bendera. Mtoto akikataa anafukuzwa, akifukuzwa anahesabiwa mtoro, na akiwa mtoro mzazi wake anaweza kutozwa faini hadi dola 50 na kufungwa hadi siku 30. Angalia ufundi wa mtego huo. Katika kishule kidogo cha Slip Hill, nje kidogo ya Charleston, dada wawili, Gathie na Marie Barnett, hawakunyanyua mkono. Na mkono wenyewe ulinyanyuliwaje? Ulinyooshwa mbele, kiganja juu, hata chama cha wazazi na walimu kikalalamika kwamba inafanana mno na salamu ya Hitler. Desemba 1942 Bunge likaibadilisha, mkono ukawekwa kifuani.

Tarehe 14 Juni 1943, siku ya kuadhimisha bendera yao, mahakama ikajigeuza. Kura 6 kwa 3. Miaka mitatu tu, na majaji watatu waliokuwa wamepiga kura ya kuwafukuza watoto wa Minersville walikuwa wamekiri kwamba walikosea. Jaji Robert Jackson ndiye aliyeandika, na kwa Kiswahili changu cha barabarani alisema hivi: kama kuna nyota isiyohama katika anga la katiba yetu, ni kwamba hakuna ofisa, mkubwa wala mdogo, awezaye kuamuru lipi liwe la haki katika siasa, utaifa, dini au maoni mengine, wala kuwalazimisha raia kulikiri kwa neno au kwa kitendo. Karani wa mahakama, katika kesi zote mbili, alikosea majina ya familia. Gobitas wakawa Gobitis, Barnett wakawa Barnette. Watu walioipa nchi uhuru wa kunyamaza hawakuweza hata kuandikwa jina lao sawasawa.

Na Frankfurter? Alipinga, kwa uchungu. Alianza kwa kujitaja kuwa mmoja wa watu wachache waliotukanwa na kuteswa kuliko wote katika historia, maana alikuwa Myahudi, lakini akasema kazi ya jaji si kuweka huruma yake mahali pa uamuzi wa waliochaguliwa. Namheshimu kwa hilo bila kukubaliana naye.

Shuleni kwetu Tanga, ukishamalizika ukaguzi wa kucha na nywele, mwalimu wa zamu alisema "Wimbo!" na sisi tukaanza, Mungu ibariki Afrika, mikono imebana mapajani. Kulikuwa na binti wa darasa letu, mstari wa pili, aliyesimama wima kama sisi lakini midomo imefungwa. Hakuleta fujo. Hakutazama pembeni. Soksi zake zilikuwa safi kuliko za wote. Mwalimu wa zamu alimtoa mbele, akamuuliza kwa nini haimbi, akajibu kwa sauti ndogo kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova. Viboko vinne mkononi. Kesho yake tena. Sisi tulimpachika jina la Bubu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliolipenda jina hilo. Alihama kabla ya mtihani wa darasa la saba. Wimbo wetu wa Taifa wenyewe ni dua, hilo halikutupitia akilini. Tulikuwa tunampiga mtoto ili aombe.

Haki yake ilikuja akiwa mtu mzima, kama yu hai. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufaa iliyotoka Mbeya, iliwapa ushindi wanafunzi Mashahidi wa Yehova, mrufani mmoja na wenzake 126, walioadhibiwa, wengine kwa kufukuzwa shule, kwa kutoimba. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Nilipoisoma habari hiyo niliona tofauti moja na kesi ya Jackson. Hawa wa kwetu walikwenda mahakamani kwa jina la imani yao. Jackson alikataa kuishia hapo. Alisema hoja haitegemei mtoto ana dini gani, wala kama ana dini. Asiyeamini kitu naye ana haki ya kufunga mdomo. Chini ya Jackson, Bubu asingehitaji kujibu swali la mwalimu wa zamu.

Ndiyo maana hukumu ile imesafiri mbali hivyo. Gorsuch alipompa ushindi Lorie Smith mwaka 2023 aliegemea hapohapo, kwa dada wa Slip Hill. Nyota ileile, msafiri mwingine. Mtoto anayepigwa na dola, na mfanyabiashara anayemkatalia mteja, wote wanasema: usinilazimishe kusema. Kisheria naelewa wanavyounganishwa. Lakini nyuma ya mtoto kulikuwa na fimbo ya serikali, na mbele ya mfanyabiashara kuna mtu mwingine anayetaka kuhudumiwa dukani kama wateja wengine. Nikipima, najikuta niko upande wa Sotomayor siku za wiki na upande wa Gorsuch siku disipacha anaponiambia "bia". Huo ndio ukweli wangu, sina mwingine.

Upande wa mkono mambo yamekuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka 1963 mahakama ilimwinua Adell Sherbert, Msabato wa South Carolina aliyefukuzwa kiwandani kwa kukataa kazi ya Jumamosi kisha akanyimwa msaada wa wasio na kazi. Serikali, ikasemwa, ionyeshe sababu kubwa kabla ya kumbana muumini. Mwaka 1990 ikamshusha Alfred Smith, Mhindi Mwekundu wa Oregon aliyetumia peyote, mmea uliokatazwa kama dawa ya kulevya, katika ibada ya kanisa la wenyeji. Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki na mhafidhina, ndiye aliyeandika kwamba sheria inayomhusu kila mtu haina haja ya kumwacha muumini apite, na akakiri kwamba kuliachia jambo hili siasa kutaziumiza dini ndogo. Bunge likakasirika, kushoto na kulia, Seneti 97 kwa 3, na mwaka 1993 likapitisha sheria ya kurudisha hali ya zamani. Miaka minne baadaye mahakama ikasema sheria hiyo haizibani serikali za majimbo. Imekuwa hivyo, kamba ya kuvutana.

Dini ndogo zinaumiaje, niseme moja. Februari 2019, Alabama, aliuawa kwa sindano ya sumu, kwa hukumu ya kifo, Domineque Ray, mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya msichana. Alikuwa Mwislamu. Gereza lile lilimruhusu kasisi wake wa Kikristo, mwajiriwa wa gereza, kuingia chumbani na anayeuawa. Ray akaomba imamu. Akakataliwa. Mahakama ya rufaa ilisimamisha, Mahakama ya Juu ikaruhusu kwa kura 5 kwa 4, kwa hoja kwamba alichelewa kuomba. Jaji Elena Kagan aliandika kwamba ni kosa kubwa. Imamu alitazama akiwa upande wa pili wa kioo. Mwezi uliofuata, Texas, mfungwa wa Kibudha akaleta ombi linalofanana, akasikilizwa. Mwaka 2022 mahakama ikasema kwa kura 8 kwa 1 kwamba mfungwa wa Texas anaweza kuwa na mchungaji wake akimshika na kumwombea. Kanuni ikanyooka, Ray keshazikwa.

Na mdomo wa mkubwa je? Katika kesi ya marufuku ya kusafiri ya mwaka 2018, mawakili walimwekea jaji maneno ya Donald Trump mwenyewe kuhusu kuwafungia Waislamu mlango. Mahakama, 5 kwa 4, ikatazama karatasi aliyotia saini, si midomo iliyoitangulia. Januari 2020 marufuku ikapanuliwa, na Watanzania wakazuiwa kuingia kwa ile bahati nasibu ya viza. Mdogo wangu alikuwa ameshinda mwaka huo. Ilipofutwa Januari 2021, nafasi yake ilishaoza. Leo ana duka la vifaa vya pikipiki Muheza na ananiuliza kwa nini bado niko huku kwenye theluji.

Disipacha wangu tangu Idi ile hajanipigia tena kuhusu bia. Nadhani kuna alama mbele ya jina langu kwenye kompyuta yao. Mizigo yangu ni maji ya chupa, karatasi za chooni, matairi, na ndiyo, chakula cha mbwa.

Juzi nilikuwa nyumbani, binti yangu wa miaka 15 akasema, katikati ya kula, kwamba shuleni wakisoma kiapo cha bendera yeye husimama siku nyingine, siku nyingine hukaa. Nikaweka kijiko chini. Nikamuuliza kama ni kwa ajili ya dini, au kuna kitu serikali imefanya kimemuudhi.

"Hapana, baba. Nimechoka tu. Saa moja na nusu asubuhi, nani ana nguvu za kusimama?"

"Na mwalimu anasemaje?"

"Hasemi kitu," akasema, akivuta sahani ya samaki upande wake. "Anaandika mahudhurio."